Mpishi na Mlango wa Chini wa Tumbo

Katika jiko la kiwanda cha sabuni, kazi huanza kabla king'ora hakijalia. Mpishi huwasha moto, hubandika sufuria kubwa ya maharage, kisha huketi kuchambua mchele kwenye ungo. Wafanyakazi wote humwita Shangazi. Humtania, naye huwajibu.

"Shangazi, leo maharage yameiva, au tuje na nyundo?"

"Njoo nayo, nianze na kichwa chako!"

Alijaza sahani za wenzake, lakini yeye mwenyewe alikula kidogo mno. Akila vijiko vichache tu, alihisi ameshiba kama mtu aliyetoka karamuni. Tumbo lilijaa na kuvimba. Jioni alikwenda nyuma ya ghala la kuni, akatapika, akapata nafuu. Kisha alifukia matapishi kwa majivu, akanawa uso na kurudi jikoni akiimba.

Kwa nini alificha? Aliijua midomo ya watu. Nani angekula chakula cha mpishi anayetapika? Wangesema jiko ni chafu, naye angefukuzwa kazi.

Siku moja aliogopa kweli. Katika matapishi yake aliona punje za mahindi, nzima kabisa. Siku hiyo hakula mahindi. Aliyala jana yake.

Nyumbani, mumewe aliona gauni likimpwaya mkewe. Mume huyu alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na watu walimwita Fundi. Dada yake aliishi nyumba ya pili. Huyo hakuwa na uchache wa maneno.

"Wifi," alimwambia Shangazi walipokuwa wakianua nguo, "nimekuona ukitapika nyuma ya bafu. Unatuletea mtoto?"

"Mtoto kwa umri huu? Nimpeleke chekechea na mkongojo?"

Wakacheka. Kisha wifi akaacha kucheka.

"Basi niambie unaumwa nini. Mifupa ya mabega imetokeza. Kaka ananiuliza, sina la kumjibu."

Shangazi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akalia. Alieleza yote: ghala la kuni, majivu, punje za mahindi. Fundi aliyasikia akiwa mlangoni.

"Muda wote huu nilidhani huli kwa kuwa umeninunia," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mpole. Aliuliza maswali mengi bila haraka.

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Ni za magoti tu, daktari. Nasimama kutwa. Nanunua vidonge vya diklofenaki dukani, nameza asubuhi na jioni. Mara nyingi sijala kitu."

Daktari alimlaza kitandani, akamshika nyonga, akamtikisa taratibu. Tumboni kukasikika maji yakicheza, kama dumu lililojaa nusu. Fundi alishtuka.

"Ni nini hicho?"

"Ni chakula na maji yaliyokwama," alisema daktari. "Tumbo lina mlango wa juu wa kuingizia chakula na mlango wa chini wa kukitolea kwenda kwenye utumbo. Nadhani huo wa chini umebana. Vidonge vya maumivu vya jamii hii, vikimezwa ovyo kwa muda mrefu, huleta vidonda tumboni. Wako pia bakteria wanaoleta vidonda. Kidonda cha mlangoni kikipona huacha kovu, na kovu hukaza mlango. Lakini hata saratani inaweza kuuziba. Kwa hiyo hatubahatishi. Tutaingiza mrija mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, tuangalie."

Shangazi alilazwa. Alitundikiwa maji kwenye mshipa, kwa sababu kutapika kulikuwa kumemkausha maji na chumvi mwilini. Mrija mwingine ulipitishwa puani ukanyonya mabaki ya chakula. Siku ya kipimo ilipofika, mrija huo ulitolewa.

"Sasa usile wala usinywe chochote," muuguzi alisisitiza. "Hata tone."

Muuguzi alipotoka, wifi aliingia na flaski chini ya kanga.

"Hospitali gani hii inayowashindisha wagonjwa na njaa? Nimekupikia uji mwepesi. Kunywa upesi!"

"Wamekataza, wifi."

"Wamekataza chakula. Huu ni uji."

Shangazi alimtazama wifi yake. Alikuwa ametembea juani na uji ule. Akanywa kikombe kizima. Muuguzi aliporudi kumuuliza kama amekula, alijibu, "Sijala."

Kamera ilipofika tumboni, ilikuta uji. Daktari alisimamisha kazi mara moja. Baadaye alikuja kitandani, uso wake mzito.

"Mama, uji ule ungeweza kupanda ukaingia kwenye mapafu. Watu hufa kwa jambo hilo."

Wifi aliinama. "Kosa ni langu, daktari. Nilimwonea huruma."

"Hapana, wifi," alisema Shangazi. "Wewe ulileta, lakini aliyeulizwa ni mimi. Nimezoea kuficha, na leo nusura nife nikificha. Daktari, kuanzia sasa uliza lolote, nitakwambia."

Muuguzi alimshika wifi begani. "Huruma yako ni njema, dada. Siku nyingine ilete, ila flaski uiache."

Safari ya pili tumbo lilikuwa tupu. Kamera ilionyesha kovu gumu, na katikati yake tundu dogo kuliko shimo la mrija wa kunywea soda. Daktari alichukua vinyama vidogo vya kupima. Kisha alipitisha puto dogo mle tunduni, akalijaza taratibu ili lipanue mlango. Majibu ya vipimo yalileta faraja. Saratani haikuonekana. Bakteria walikuwapo, naye akapewa dawa za kuwaua na dawa za kupunguza asidi. Vidonge vya diklofenaki alikatazwa kabisa.

Kwa muda Shangazi alikula vizuri. Kisha kushiba upesi kukarudi. Puto lilitumika tena, na mlango ukabana tena.

"Kovu hili limekomaa," alisema daktari. "Wengi hupona kwa puto. Wewe nakushauri ufanyiwe upasuaji."

Fundi alisimama. "Kisu? Hakuna puto kubwa zaidi?"

"Tukilazimisha, tunaweza kulichana tumbo. Daktari wa upasuaji ataunganisha tumbo na utumbo mwembamba mahali pengine, chakula kipate njia mpya."

Fundi aliitazama mikono yake. "Mlango ukivimba, mimi huupiga randa," alisema. "Lakini ukuta ukishaubana, sihangaiki na randa. Natoboa pengine."

"Ndivyo hasa."

"Lakini huyu si ukuta, daktari. Huyu ni mke wangu."

"Najua, baba. Upasuaji una hatari zake: damu, maambukizi, mshono kuvuja. Tutamwangalia kwa karibu. Ila akibaki hivi, ataendelea kukonda mpaka mwili ushindwe."

Wote walimgeukia Shangazi.

"Mwenye tumbo ni mimi," alisema. "Nakubali."

Upasuaji ulikwenda salama. Alianza kwa maji, kisha vyakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mashavu yakajaa tena. Daktari alimpa parasetamoli kwa ajili ya magoti, na mazoezi ya kuyaimarisha. Fundi alimtengenezea kiti kirefu ili apike ameketi.

Siku aliyorudi kazini, foleni ya chakula ilikuwa na minong'ono. Mpakiaji mmoja wa mizigo akaropoka.

"Shangazi, eti ulikuwa unatapika chakula chako mwenyewe?"

Shangazi aliweka upawa chini.

"Ni kweli. Nilitapika, tena nilificha. Chakula hakikuwa na kosa. Mlango wa chini wa tumbo langu ulibanwa na kovu, kwa vidonda vilivyoletwa na bakteria na vidonge vya magoti nilivyomeza bila kumuuliza mtu. Ningesema mapema, huenda puto lingetosha. Mtu akishiba upesi, akitapika chakula cha jana, akikonda, asifukie kwa majivu. Aende hospitali."

Kisha alijipakulia sahani, akaketi mbele yao wote, akala.

Foleni haikusogea. Mpakiaji alijikuna kichwa, akatoa karatasi ya vidonge mfukoni, akaiweka mezani.

"Hivi vyangu vya mgongo, Shangazi. Ni vya jamii hiyo?"

Shangazi aliifuata kwa kidole, silabi baada ya silabi. "Di-klo-fe-na-ki. Ndivyo. Kesho pitia zahanati navyo kabla hujaja kazini. Usikitupe hata kimoja, wavione."

"Nikichelewa, chakula changu?"

"Nitakuwekea," alisema, akasogeza sahani yake ampishe nafasi ya kukaa. "Jipakulie, njoo tule."