Baba Alikuwa Bado Kazini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia uani, akachemsha chai na kumpelekea baba yake chumbani. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba alikuwa sajenti wa jeshi, na siku chache nyuma alikuwa amerudi kutoka kulinda amani ng'ambo. Siku ileile aliyoshuka kwenye ndege alitupa jalalani vidonge vyake vya kuzuia malaria, huku akicheka. Kazi imekwisha, alisema, na vidonge vya kazi vimekwisha nayo.

Asubuhi hiyo chai ilipoa bila kuguswa. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma, lakini baba alijikunyata chini ya blanketi mbili, meno yakigongana. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kibaruani. Chiriku alipotaka kumfuata, baba alimshika mkono, na kiganja chake kilikuwa cha moto kama kifuniko cha sufuria.

"Mwanangu, leo funga mdomo," alinong'ona. "Jeshini wakijua naumwa watanirudisha kambini, na mimi utumishi wangu nimeshamaliza. Hiki ni kihoma cha safari tu."

Chiriku aliahidi. Shule akaisahau, akaketi mlangoni. Kisha baba akaanza kutoa amri kwa watu wasiokuwepo, akiwakataza kushuka kwenye gari. Alipomgeukia bintiye, macho yalikuwa ya manjano, na alimwita kwa jina la mtu mwingine kabisa.

Hapo Chiriku alijua baba anamponyoka. Ahadi au si ahadi, alitoka mbio hadi lango la kambi, mwisho wa mtaa, akaomba apelekwe kwa daktari wa jeshi, akamweleza kila kitu, hata habari ya vidonge.

Baba alipelekwa hospitali ya kambi kwa gari la wagonjwa saa hiyohiyo. Alilala siku mbili bila kumtambua mtu, mama na Chiriku wakikaa benchi moja kando yake. Siku ya tatu alifumbua macho, akaomba maji.

Daktari hakumchekea hata kidogo. "Utumishi wako ulianza ulipotoka lango hili kwenda kule, sajenti. Utaisha siku nitakayokupima na kukuruhusu, si siku uliyoshuka kwenye ndege. Vidonge vile ulitakiwa uendelee kumeza wiki kadhaa baada ya kurudi. Ulikuwa bado kazini, ukajipa ruhusa mwenyewe. Mtoto huyu angechelewa kidogo, leo tungekuwa makaburini."

Baba alimtazama bintiye, machozi yakimlengalenga, wala hakuyaonea haya.

"Nilikuomba unisaidie kudanganya," alisema. "Mtu akikuambia ufiche ugonjwa wake, hata akiwa baba yako mzazi, usimtii. Mimi niko hai kwa sababu ulikataa kunitii."