Anayemnyonyesha Juliana

Juliana alikuwa akimeza usingizini, ilhali hakupewa kitu tangu uji wa asubuhi. Yalikuwa mavuno ya mwaka 1984. Baba yake, Tluway, alikuwa kwenye kombaini katika shamba la ngano la serikali, Hanang. Mtoto, mwenye miaka sita, alikuwa katika siku ya saba tangu akatwe mafindofindo. Hilaria, mama yake wa kambo, alisikiliza: meza, kimya kidogo, meza.

Philomena, mama mzazi wa Tluway, aliyetoka Maretadu kumuuguza mjukuu, alisikiliza pia, akatabasamu. Alieleza kwamba yatima amezaye usingizini ananyonyeshwa na marehemu mama yake, na haguswi mpaka ashibe.

"Fransiska amekuja," alinong'ona. "Kaa mbali, mwanangu. Haya si yako."

Maneno hayo yalimchoma Hilaria. Kwa miaka mitatu alikuwa amemfulia mtoto huyo na kumkesha kwa homa, na hakuna siku aliyoitwa mama. Aliitwa Hilaria, kama jirani. Basi alikaa, akitazama koo lile dogo likipanda na kushuka, na ndani ya chumba kile, ambamo hamkupaswa kunuka kitu ila vumbi la makapi ya ngano, akaanza kusikia harufu ya maziwa ya mzazi, kisha, chini yake, harufu ya chuma kilicholowa, hata wivu ukaizidi hofu yake, akasema bila kupaza sauti, "Wewe umekwisha kufa. Niachie huyu," na akamnyanyua mtoto kwa nguvu.

Juliana alitapika mabonge meusi ya damu.

Gari la shamba liliwafikisha hospitali. Muuguzi Scolastica alimketisha mtoto ameinama mbele, akamtaka ateme, asimeze, wakati daktari akijiandaa kuufunga mshipa. Baadaye muuguzi alimweleza Hilaria kwamba kigaga cha kidonda hubanduka karibu na siku hiyo ya saba, na kikitoka vibaya damu hushuka kooni. Mtoto aliyelala huimeza, na wa nyumbani hawaioni.

"Angeachwa alale, jioni mngekuwa mnachimba kaburi," alisema. "Nani alikuambia umnyanyue?"

"Hakuna. Nilimwonea mtu wivu."

Maelezo ya muuguzi hayana pengo: kigaga kinaeleza damu, na damu inaeleza kumeza. Harufu ya maziwa ni ushahidi wa mwanamke mmoja aliyejawa hofu, na haitoshi kuthibitisha lolote. Juliana alipona. Alipozinduka alimwita Hilaria mama, kwa mara ya kwanza.

Wiki ya tatu baada ya hapo, Tluway alirudi mchana akamkuta mkewe amelala mkekani, koo likipanda na kushuka. Meza, kimya kidogo, meza. Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na uzi mwembamba wa damu nyeusi. Hilaria hakuwahi kukatwa mafindofindo.

Tluway alipoinama kumwamsha, Juliana, aliyekuwa ameketi kando, alimshika mkono.

"Usimguse, baba," alisema taratibu. "Mama Fransiska hajamaliza kumnyonyesha."