Gambuti za Mwanaume Mlangoni kwa Lynn

— Watiri, niambie ukweli. Zile gambuti za mwanaume ziko kwa mlango ya Lynn ni za nani?

Nduta aliniuliza hivyo Jumatatu asubuhi nikipanga karoti zangu sokoni Nyeri. Meza yake na yangu zimepakana mwaka wa kumi na moja. Nilicheka.

— Gambuti gani? Lynn anaishi peke yake huko Ruring'u.

— Si mimi nimesema. Ni watu. Ati kwa ule wimbo wake amejiimba mwenyewe, wakaenda kuangalia, wakazipata.

Lynn ni binti yangu wa pekee, ana miaka ishirini na nne, na ni mwimbaji. Wimbo wake wa mwanamke anayemwambia mumewe aliyepotea "viatu vyako bado viko mlangoni" ulikuwa unapigwa kuanzia Karatina hadi Nanyuki. Na Jumamosi hiyo, Waweru, kijana anayeuza mchele Wang'uru, huko Mwea, alikuwa analeta wazee na mbuzi wa kwanza kwangu, kupanda ithigi, yale matawi ya uchumba, watu wajue msichana ameshikwa. Sasa gambuti, buti za mpira za shambani, zimetoka wapi?

Maneno ya Nduta yalinikwaruza kama mchanga ndani ya kiatu. Saa nne Lynn akawa mgeni redioni, na Nduta akaongeza sauti bila kuombwa.

— Lynn, wimbo huu unaliza watu, mtangazaji Kingori akaanza. Huyo mwanaume ni nani?

— Ni wimbo tu, Kingori.

— Hapana! Mtu haimbi hivyo kama hajaachwa. Msikilizaji wa Kangema, ongea.

— Mimi nasema hivi, mzee mmoja akanguruma kwa simu. Huyo ni mtoto. Anajua nini juu ya kungoja bwana? Ama ameandikiwa na mwanaume, ama ako na bwana ya mtu. Achague moja.

— Lynn, chagua! Kingori akacheka.

— Wiki iliyopita Kinuthia alikuwa hapo nimekaa. Ameimba ati amezika mabibi watatu. Ulimuuliza makaburi iko wapi?

— Aah, Kinuthia ni msanii!

— Na mimi ni nani?

Kingori akaweka tangazo la mbolea.

Ningepiga makofi. Badala yake nikajiuliza, mbona hajajibu? Mtu asiyeficha kitu si husema tu? Nikamwachia Nduta meza, nikaenda Ruring'u.

Lynn hakuwa amerudi. Lakini mlangoni kwake, chini ya gunia, ncha mbili nyeusi zilikuwa zimetokeza. Gambuti kubwa, zimepakwa mafuta zikang'aa. Mtu hapaki mafuta viatu vya mtu aliyeenda, nikawaza. Sikuinama. Sikugusa. Nilimpigia Waweru hapo hapo.

— Eeh, mami! Mbuzi wako tayari!

— Waweru, nakupenda kama mtoto wangu. Kabla ya hao mbuzi, uliza Lynn gambuti ni za nani.

Nilisikia mashine ya kukoboa mchele ikiunguruma nyuma yake.

— Umeziona?

— Na macho yangu.

— Basi nimeelewa.

Jioni Lynn alinitumia meseji aliyokuwa ameandikiwa na Waweru: "Lynn, nimewaambia wazee wangoje. Mama yako mwenyewe ameniambia kuhusu viatu. Kama wimbo ni wa kweli, mimi ni nani kwako? Kama ni wa uongo, yale machozi ukirekodi studio yalikuwa ya nini?"

Chini yake Lynn alikuwa ameongeza maneno mawili yake: "Asante, mama."

Jumatano Waweru alipanda kutoka Wang'uru, akaniita kwa Lynn tuongee watatu. Lynn alimimina chai. Waweru alikataa kiti.

— Sema tu ni za nani. Niko tayari kwa jibu lolote.

— Siwezi.

— Huwezi ama hutaki?

— Hiyo siri si yangu.

— Si unaona! nikadakia. Kuna mtu!

Lynn aliniangalia vile hajawahi kuniangalia.

— Mama, hii wimbo yangu umewahi kuisikiza hadi mwisho?

Sikuwa nimewahi. Redioni walikuwa wanaukata kwa kiitikio ili waulize maswali yao, na mimi nilikuwa nimeshughulika na midomo ya soko.

— Waweru, mwekee, Lynn akasema. Mahali pa mwisho.

Waweru akatoa simu. Sauti ya mtoto wangu ikatoka pole pole, kwa lugha yetu: ya kushoto iko na kiraka cha tyubu ya baiskeli, kila Ijumaa naipaka mafuta, jirani waseme mwenye nyumba amerudi.

Nilitoka nje. Nikaondoa gunia, nikageuza ya kushoto. Kiraka kilikuwa pale, kimepinda upande mmoja, kama nilivyokibandika kwa mkono wangu.

Baba yake Lynn alituacha mwaka wa 2006. Niliambia watu amepata kazi Eldoret. Gambuti zake nikaziacha mlangoni, wezi na wasengenyaji wajue hapa kuna mwanaume. Kila Ijumaa nilizipangusa, nikazipaka mafuta, nikazigeuza kidogo kama zimevaliwa. Mwaka jana nilimwambia Lynn azitupe, nimechoka nazo. Hakuzitupa. Naye alikuwa anaishi peke yake, akazihitaji kama mimi.

— Ulikuwa unaniona? nikamuuliza.

— Kila Ijumaa. Ulifikiri nafanya kazi ya shule.

— Na mbona hukuwaambia redioni?

— Niwaambie nini? Ati baba hajawahi kuwa Eldoret? Soko yote ingejua kabla ya saa sita.

Waweru alikaa mwishowe.

— Mimi ungeniambia, Lynn.

— Ungeniamini? Wewe uliskia viatu, ukaona mwanaume ndani yake.

— Lakini ni mama ndiye...

— Mama alikosea wa kwanza, wewe wa pili. Kunyweni chai inapoa.

Waweru alikunywa akiangalia sakafu. Kisha akasema polepole:

— Nisamehe. Wewe unaimba vizuri mpaka nikaogopa.

— Ogopa tu. Lakini uulize kwanza.

Alhamisi saa nne, Nduta akiwa amesimama kando yangu, nilipiga simu redioni.

— Mpigaji wetu ni nani?

— Watiri, mama ya Lynn. Hizo gambuti ni za bwana yangu. Aliniacha 2006. Mtoto ameimba kitu aliona nyumbani kwake.

— Kwa hivyo... wimbo ni wa kweli?

— Ulikuwa wa kweli hata kabla nipige simu, Kingori. Sasa uliza Kinuthia makaburi.

Nikakata. Nduta alikuwa amefungua mdomo.

— Watiri! Miaka hii yote ulikuwa unaniletea salamu za Eldoret!

— Na wewe ulikuwa unazirudisha.

Jumamosi mbuzi walikuja. Lynn alitaka tuchome zile gambuti, lakini mimi nilikuwa nimezirudisha mlangoni kwangu. Waweru akaingia na wazee wake, wakiwa na tope la Mwea kwa viatu. Mzee aliyewaongoza, Wambugu, akasimama kizingitini, akaziangalia.

— Mwenye gambuti hizi ako wapi, tumsalimie kwanza?

Waweru akainamisha kichwa. Lynn akanishika kiwiko.

— Ni mimi, nikasema. Nisalimie mimi.

Mzee Wambugu akanipa mkono. Kisha akamgeukia Lynn, akamuuliza kama wanaweza kupokelewa na mbuzi wao.

— Wapokeeni, Lynn akasema, kwa ile sauti yake ya kuimba. Hakuna aliyeuliza kama anadanganya.

Kwa hivyo nyinyi kina mama mlio na wasichana wanaoimba, haya msifanye:

Usisikize wimbo nusu.

Usiulize soko kabla ya kuuliza mtoto.

Usichungulie mlango halafu uondoke bila kumngoja mwenyewe.

Usimpigie mkwe simu ukiwa na hasira.

Usimuulize msichana swali ambalo huwezi kumuuliza Kinuthia.

Usimwachie mtoto wako akubebee siri.