Nyuzi Nne za Marehemu

Mtoto alirusha teke kabla ya sauti.

Katika nyumba nyingine jambo hilo lingepita hivihivi, maana nani hupima teke la mtoto aliye tumboni? Lakini mwenye nyumba hii alikuwa fundi wa saa, wenzake walimbatiza Dakika, na sikio lake lilizoea kukamata kosa jembamba kuliko unywele. Ilikuwa Jumapili saa nane mchana. Yeye amekaa kwenye stuli sebuleni, gitaa lake jipya la besi mapajani. Mkewe amejilaza kwenye kochi, tumbo la miezi minane limeinuka kama kichuguu. Dakika akapeleka kidole kwenye uzi wa nne, ule mnene kuliko wote. Kabla hajaugusa, tumbo likatikisika. Kwanza teke, halafu sauti.

"Umeona?" mkewe akacheka. "Mwanao anakutangulia. Huyu atakuja kukufundisha kazi."

Dakika naye akacheka. Mimba tatu zilishaharibika katika miaka kumi na moja ya ndoa yao, na hii ndiyo ya kwanza kufika hapa. Teke lolote, la mapema au la kuchelewa, lilikuwa sherehe.

Najua wengine mnapenda majini ya usiku, ya bundi na milango inayolia. Hayo ni majini mavivu. Hili lilikuja mchana kweupe, jua linawaka, nguo zimeanikwa uani, na aliyelibeba begani mpaka nyumbani ni Dakika mwenyewe, tena akipiga mluzi.

Dakika hakuwa mwanamuziki. Alikuwa mpenzi wa besi, na hao ni watu wa aina yao. Mwanamuziki anatafuta wimbo. Mpenzi wa besi anatafuta sauti ya uzi mmoja tu, na akiipata anatikisa kichwa peke yake kama mbuzi aliyeingiwa maji masikioni. Alikuwa na besi mbili ukutani na spika kubwa kama kabati, na bado kila Jumamosi alipita kwenye duka la vyombo vya muziki vilivyotumika la mzee mmoja waliyemwita Domo, kwa sababu mzee huyo hata salamu alitoa kwa kelele.

Jumamosi hiyo, siku moja kabla ya teke lile, alijaribu besi tatu. Ya kwanza aliitazama shingo kwa urefu, jicho moja amelifumba kama mwindaji, akaona imepinda. Ya pili ilikuwa nyepesi, sauti yake ya bati. Ya tatu ilikuwa ya kahawia, nzito kama mlango wa ghala, rangi imebanduka pale mkono unapopumzikia. Hakuichomeka hata kwenye spika. Aliegemeza taya kwenye pembe ya mbao, akagusa uzi, na sauti ikampanda kwenye mfupa mpaka kwenye magego.

"Hii," akasema.

"Ichukue," mzee Domo akajibu, safari hii kwa sauti ndogo isiyo yake. "Lakini nyuzi zikate leoleo. Shika hizi mpya, nakupa bure."

"Wewe, mzee wangu, utoe kitu bure? Unaumwa?"

"Sitanii, mwanangu. Mwenyewe hakuzibadilisha miaka ishirini na miwili. Alikuwa anapiga kwa dole gumba tu, anachelewa kidogo nyuma ya ngoma, makusudi, ndiyo ulikuwa utamu wake. Alifia kwenye kiti akipiga. Walimkuta baada ya siku kadhaa, ameshakauka, gumba limening'inia hewani, na uzi wa nne bado unatetemeka. Zikate."

Mwambie hivyo mtu mwenye akili zake, atazikata palepale dukani. Lakini mpenzi wa besi ana imani yake: nyuzi mpya zinalia kama vijiko kwenye ndoo, za zamani, zilizokunywa jasho la mkono, ndizo zinazonguruma. Na hizi zimekunywa miaka ishirini na miwili! Dakika aliitikia "Ndiyo, mzee," akafika nyumbani, akazitupa zile mpya kwenye droo. Habari ya dole gumba aliicheka. Yeye alikuwa mtu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati, na sugu zake aliwaonyesha watu kama askari anavyoonyesha makovu.

Jumanne mchana mkewe akampigia simu kwenye kibanda chake cha saa.

"Mbona hukuniambia unarudi mapema? Nakuita huitiki, unapiga tu."

"Mimi niko kazini, mke wangu. Nimefungua saa ya mtu hapa, iko mezani."

Kimya. Na ndani ya kimya kile, kupitia simu, Dakika akaisikia: dum. Dum. Dum. Nzito, ya polepole. Mezani saa ya mteja ilikuwa inagonga sekunde, na kila sekunde ikigonga, dum ile ilifuata kwa kuchelewa kidogo.

"Sasa nani yuko sebuleni?" mkewe akanong'ona. "Mume wangu... huyu wa tumboni anamwitikia."

Dakika alikimbia na bisibisi mkononi. Alimkuta mkewe amekaa kwenye ngazi za nje, mikono imekumbatia tumbo. Sebuleni besi iko kwenye stendi yake. Spika haijawashwa, kebo imeviringwa na kutundikwa kwenye msumari. Uzi wa nne unatetemeka kwa kasi mpaka unaonekana kama nyuzi mbili. Na harufu: ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho, na chini yake harufu nyingine, ya chumba ambacho mtu hajainuka kitini siku nyingi. Dakika akaweka mkono kwenye stuli. Ilikuwa ya moto.

Aliifunga besi kwenye blanketi, akaitupa stoo, akageuza ufunguo mara mbili.

Ndipo mtoto akanyamaza.

Jioni hakucheza. Asubuhi hakucheza. Kufika saa sita mchana Jumatano, gari la hospitali limeitwa, wanaambiwa subirini, na aliyefika kwanza alikuwa shangazi wa mkewe, mkunga mstaafu, mama mfupi aliyezalisha nusu ya mtaa na kuitukana nusu nyingine. Akatoa mrija wake wa mbao wa kusikilizia, akaubana kati ya sikio na tumbo.

"Moyo upo," akasema taratibu. "Lakini unazama."

Stoo ikalia: dum.

Tumbo likaruka.

Shangazi akainua kichwa. "Nani anapiga hiyo?"

"Hakuna mtu, shangazi."

"Basi kalete hicho kidude upige wewe! Mtoto anarudi, nimemsikia!"

Dakika akapiga. Akapiga uzi wa nne kwa vidole viwili, na kila alipopiga tumbo lilijibu, na kila alipopunguza shangazi alipaza sauti "usiache!", na jasho likamtiririka machoni, na ngozi ya kidole cha shahada ikachanika, akahamia cha kati, na hicho nacho kikachanika, na uzi ukawa unateleza kwa damu yake, na akaanza kuona kwamba damu haidondoki sakafuni, inazama ndani ya uzi kama maji kwenye mchanga, na akahisi juu ya mkono wake mkono mwingine, mkavu, mzito, umelala juu ya wake kama mwalimu anayemshika mwanafunzi, ukimvuta nyuma kidogo, kidogo tu, ili achelewe.

Shangazi alisikiliza tena. Uso wake ukabadilika.

"Sauti ziko mbili humu," akasema, sauti imemkauka. "Moja ya mtoto. Nyingine iko nyuma yake, inamfuata. Kila ukipiga inamkaribia."

"Nikiacha?"

"Anazima."

"Nikiendelea?"

"Atazaliwa. Lakini hatazaliwa yeye."

Mkewe hakulia. Alimtazama mumewe tu, na macho yale Dakika hakuyasahau.

"We mwanamume," shangazi akang'aka, "si fundi wa saa wewe? Mtoto amepewa mapigo ya maiti. Mpe mengine!"

Kwenye kabati palikuwa na saa ya mezani, ya kujaza kwa ufunguo, aliyoitengeneza mwenyewe na kujisifia kwa kila mgeni: mwaka mzima haikosei hata dakika moja. Akaichukua kwa mikono ya damu, akaijaza mpaka mwisho, shangazi akaibana juu ya tumbo kwa viganja vyote viwili, huku midomo yake ikisoma dua anazozijua. Tik. Tik. Tik.

Dakika akashika koleo. Uzi wa kwanza ukakatika kwa mlio mwembamba. Wa pili ukaguna. Wa tatu ukamchapa shavuni. Alipofika wa nne, spika isiyo na umeme ikanguruma, vioo vya dirisha vikatetemeka, na saa, ile saa isiyokosea, ikaanza kuchelewa. Tik... tik...... tik.........

"Kata!" mkewe akapiga kelele. "Dakika, kata!"

Alikata kwa mikono miwili. Uzi ukapasuka kama mjeledi, harufu ya sarafu ikajaa chumbani, halafu ikatoka, yote kwa pamoja, kama pumzi.

Kimya.

Tik. Tik. Tik. Na juu ya tumbo saa ikaruka kidogo. Ikaruka tena. Teke, na sekunde, sawasawa.

"Peke yake," shangazi akasema, mrija sikioni, machozi mashavuni. "Yuko peke yake."

Nyuzi zile walizichoma uani mchana huohuo, gari la hospitali likapiga honi getini wakati moshi bado unapanda. Mtoto akazaliwa alfajiri, wa kiume, kilo tatu kamili, na kilio chake kilisikika mpaka kwa walinzi. Dakika aliruka, akakumbatia manesi, akaapa hatagusa besi tena maisha yake. Na hakudanganya.

Siku ya tatu, nyumbani, mkewe alikuwa anamnyonyesha kwenye kochi lile lile. Saa ya mezani inagonga kabatini. Kichanga kimefumba macho, mkono wake wa kulia unagusagusa kifua cha mama.

"Njoo umwone mwanao," mkewe akaita huku akicheka. "Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka. Ana sugu kama zako."

Dakika akaja akitabasamu. Akakishika kile kiganja kidogo, akakifungua. Kidole cha shahada kilikuwa laini. Cha kati kilikuwa laini.

Sugu ilikuwa kwenye dole gumba, ya manjano, ngumu kama kwato. Na gumba lile liligonga kifua cha mama, likatulia, likagonga tena, kila mara kwa kuchelewa kidogo nyuma ya saa.