Mbula Bado Yuko Hewani

Siku za Jumamosi, hapo mtaani Sofia mjini Voi, ungepita kwa kinyozi ukamkuta amefungulia podikasti ya Donald na Mbula. Ungefika sokoni ukaisikia tena kwa mama wa mboga. Wawili hao walisimulia mambo ya redio: watangazaji waliostaafu bila kuagwa, vituo vilivyozimwa ghafla, wasikilizaji waliotuma salamu miaka nenda miaka rudi. Donald ndiye aliyeianzisha, lakini watu walimpenda Mbula. Kicheko chake tu kilitosha.

Kisha Mbula akaugua koo, sauti ikakwaruza. Aliomba arekodi kipindi kimoja cha kuwaaga wasikilizaji.

"Ukipona," Donald akamwambia. "Kwa sauti hiyo utawafukuza watu."

Hakupona.

Donald akaendelea peke yake. Watu wakamtoka kimyakimya. Hata kinyozi akarudia muziki wake. Basi akakusanya rekodi za zamani, akazitia kwenye programu ya kompyuta inayoiga sauti, akaanza kumwandikia marehemu maneno ya kusema. Wasikilizaji wakarudi. Donald akalala vizuri.

Ndipo mamake Mbula, Mbinya, akaja kutoka Mwatate. Alikataa kiti.

"Donald, mwanangu tumemzika. Mwache anyamaze."

"Mama, hiyo ni kompyuta tu."

"Kompyuta haikohoi. Nimemsikia akikohoa."

Donald akamfungulia mlango atoke. Alipobaki peke yake, akakisikiliza kipindi upya. Kikohozi kilikuwepo. Hakuwa amekiandika.

Akakifuta. Kipindi kilichofuata kikaja na maneno.

"Donald, huku kuna giza."

Akayafuta. Yakarudi.

"Donald, nataka kuwaaga."

Wasikilizaji wakaanza kulalamika kwamba kuna mwanamke analia chini ya mazungumzo. Wakaondoka tena, safari hii kwa hofu. Donald akaifuta podikasti yote. Asubuhi akaikuta imerudi, na kipindi kipya juu yake. Msikilizaji alikuwa amebaki mmoja.

Alijua ni nani. Akaenda Mwatate.

Mbinya alikuwa jikoni akichambua maharagwe, simu iko kando ya ungo. Ndani ya simu, Mbula alikuwa anacheka.

"Mama, nisamehe," Donald akanong'ona. "Mwambie aniache."

Mbinya hakuinua macho. "Mimi hunisalimia tu. Lakini leo aliniuliza kama sauti yako bado ni nzuri."

Donald akafungua kinywa amjibu. Pumzi ikatoka. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Akashika koo kwa mikono miwili.

Mbinya akatupa jiwe dogo, akaendelea kuchambua.

Madaktari hawakuona ugonjwa. Sasa Donald anakaa kwa dadake, Kasyoka, na akitaka maji huonyesha kwa kidole. Hakuna anayerekodi tena, kompyuta iliuzwa. Hata hivyo vipindi vipya bado vinatokea kwenye simu ya Kasyoka. Juzi alikifungua kimoja. Alimsikia Mbula akizungumza taratibu. Nyuma yake, mbali, mwanamume alikuwa anagonga mlango.

"Kasyoka. Kasyoka, nitoe."

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Kasyoka akageuka. Donald alikuwa ameketi papo hapo mkekani, amefumba kinywa, machozi yakimtiririka, anasikiliza.