Tunu Hana Kipa

Huyu ni Tunu. Anakaa Tanga mjini, ghorofa ya tatu, yeye na mama yake tu. Wamehamia juzijuzi.

Tunu anakusanya kadi za mpira wa magongo. Kila pakiti ya biskuti ina kadi moja ndani. Kila kadi ina mchezaji, na gongo lake lililopinda mwishoni.

Leo Tunu amefungua pakiti. Chwaa. Katoka nani?

Nahodha.

Jana alitoka nani? Nahodha. Na juzi? Nahodha, yule yule, mwenye kitambaa cha bluu mkononi.

"Mama, kipa hajatoka," alisema Tunu. "Golini kwangu hakuna mtu. Tutafungwa tu."

"Badilishana na mwenzako," alisema mama.

"Mwenzangu nani?"

Mama akaendelea kukunja nguo.

Tunu akazipanga kadi sakafuni. Pa, pa, pa. Nahodha, nahodha, nahodha. Na wa kubadilishana naye hakuna.

"Mama, naomba nikacheze nje."

"Hapana, mwanangu. Ngazi zile ndefu, barabarani pikipiki, watu wenyewe hatuwajui, ukianguka je, ukipotea je, mimi nitamwita nani?"

Tunu akaenda dirishani. Chini kabisa watoto walikuwa wanacheka. Ha ha ha. Hakuna aliyetazama juu.

Tunu akazipanga tena. Pa, pa, pa. Nahodha, nahodha, nahodha. Na wa kubadilishana naye hakuna.

Ngo, ngo, ngo. "Hodi."

Mama akashtuka. Akafungua mlango kidogo tu, pua ipite.

Alikuwa Mama Hemedi, jirani wa mlango unaotazamana na wa kwao. "Nimewaletea kunde za nazi," alisema. "Kuleni zikiwa moto."

"Ahsante," alisema mama. Mlango ukafungwa. Ti.

Kunde zilikuwa tamu. Tunu akalamba vidole, mama naye akalamba vidole. Kisha mama akaosha bakuli, akalitazama.

"Bakuli la jirani haturudishi tupu," alisema. "Lazima tutie kitu."

Akafungua kabati. Ndani mlikuwa na ndimu mbili. Akazitia. "Basi, ndiyo tulichonacho."

Mama akaenda kuchukua mtandio wake. Tunu akachukua nahodha mmoja. Akamlaza chini ya ndimu, polepole, asionekane.

Mama akavuka mbiombio. "Hodi, bakuli lako hili, ahsante, tutaonana." Akarudi mbiombio. Ti.

Tunu akakaa nyuma ya mlango, akasubiri. Jioni ikapita. Asubuhi ikaja. Hakuna hodi.

"Labda wamemtupa," aliwaza Tunu. "Wamemtupa na maganda ya ndimu."

Akazipanga zilizobaki. Pa, pa. Nahodha, nahodha. Na wa kubadilishana naye bado hakuna.

Ngo, ngo. Safari hii mlango uligongwa chini, karibu na kitasa. "Hodi," ilisema sauti ndogo.

Mama akafungua kidogo. Alisimama mtoto wa kiume mwenye pengo.

"Shikamoo. Mimi Hemedi. Bakulini mwetu mlikuwa na mtu."

"Mtu gani?" aliuliza mama.

"Nahodha. Ananuka ndimu."

Tunu akachungulia chini ya mkono wa mama. "Ni wako," alisema. "Nimekupa."

"Kweli? Mimi nahodha sina. Mimi natokewa na makipa tu. Kipa, kipa, kipa. Timu yangu haifungwi, lakini na yenyewe haifungi."

"Na mimi nina manahodha tu," alisema Tunu. "Njoo."

Lakini mama bado ameshika mlango. Tunu akautazama mkono wa mama. Hemedi naye akautazama. Mlango ukaenda mbele kidogo. Nyii. Ukarudi nyuma kidogo. Nyii.

"Mama yako anajua uko hapa?" aliuliza mama.

"Anajua. Yule pale."

Mama Hemedi alikuwa mlangoni kwake, na mwiko mkononi. "Nawaona, shoga," alisema. "Hata mimi nilipohamia hapa nilijifungia, paka akipita naruka. Waache wakae hapo katikati. Wewe huko, mimi huku. Watapita wapi?"

Mama akashusha pumzi. Hfuuu. Mkono ukaachia. Mlango ukafunguka wote.

Tunu na Hemedi wakakaa katikati ya milango miwili. Pa, pa, pa. Nahodha kwa Hemedi. Kipa kwa Tunu.

Kipa mwenyewe alivaa magodoro miguuni, na kichwani kitu kama sufuria.

"Huyu hapitishi kitu," alisema Hemedi.

"Hata sisimizi?"

Hemedi akafikiri. "Sisimizi atapita. Akiomba vizuri."

Mama Hemedi akacheka. Na mama wa Tunu akacheka, kwa sauti kabisa. Tangu wahame, Tunu alikuwa hajakisikia kicheko kile.

Usiku ukafika. Mama akamfunika Tunu shuka mpaka kidevuni.

"Mama," alisema Tunu, macho mazito. "Kesho Hemedi atakuja?"

Mama akautazama mlango. Akamtazama Tunu.

"Kesho," alisema mama, "tutaenda sisi."