Dakika Kumi za Ratiba

Nukta alimdaka Msomi kwenye ngazi za maegesho ya uwanja wa ndege, akamlaza kifudifudi, akamtia pingu.

Alikuwa amechelewa.

"Sanduku limeshapaa," Msomi alicheka, shavu likiwa kwenye saruji. "Jaji wenu aliyemo ndegeni hafiki kusikiliza kesi yetu ya magendo ya bunduki. Bomu lililomo litalipuka dakika arobaini na tano baada ya ndege kuruka. Ratiba inasema safari ni hamsini na tano. Piga hesabu watakuwa wapi."

Juu ya ziwa.

Nukta alimburuta hadi mnara wa kuongozea ndege. Akatupia jicho saa yake ya Casio: dakika ya ishirini na sita tangu ndege iruke. Abiria thelathini na wawili. Na rubani ni mdogo wake wa kike, tumbo moja.

"Mwambie ageuze!"

Mwongozaji, mama mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio, alitikisa kichwa. "Kurudi ni dakika ishirini na tatu. Hana. Na njiani hakuna pa kutua."

"Basi walitupe sanduku!"

"Mlango wa mizigo hufunguliwa kwa nje."

Nukta alishika bastola yake ya Glock kiunoni.

Akaiachia. Angempiga nani risasi, upepo?

Mama alimgeukia Msomi. "Hiyo hamsini na tano kakwambia nani?"

"Ratiba."

"Weee! Ratiba ni ya kuwatuliza abiria. Shirika huongeza dakika kumi na ushee ili lisiitwe la kuchelewa. Kilomita mia mbili na tisini, angani ni dakika thelathini na tisa. Kwa upepo wa leo unaowapiga usoni, arobaini na tatu."

Msomi aliacha kucheka.

Zingebaki dakika mbili za kusimama na kuwatoa watu wote.

Nukta alichukua kipaza sauti cha redio. Miaka kumi alikuwa akimgombeza dada yake kwa mwendo wake wa kasi barabarani.

"Mdogo wangu. Kuna bomu kwenye mizigo, dakika ya arobaini na tano. Kanyaga."

"Leo ndiyo unasema hivyo, kaka?"

"Leo tu."

Akaweka kipaza sauti mezani.

Dakika ya thelathini na tano. Nukta, mtu wa kuruka kuta na kuvunja milango, alisimama kama kiti kilichosahauliwa.

Arobaini.

Arobaini na mbili. Simu kutoka uwanja ndege ilikokwenda ikaita, Nukta akaipokea. "Imegusa ardhi! Imesimama! Milango wazi, wanakimbia!"

"Jaji?"

"Katoka. Mama mmoja na kichanga, wametoka."

Arobaini na nne.

"Rubani?"

"Yumo. Anakagua viti. Rubani hutoka wa mwisho."

"Mtoeni!"

"Bwana, nani asogee pale?"

Arobaini na tano.

Simu ilinguruma, ikakatika.

Nukta aliishikilia sikioni. Akahesabu pumzi zake, maana hakuwa na kingine cha kufanya. Mama aliweka kalamu mezani polepole.

Simu ikaita.

Kikohozi. Kirefu. Kisha: "Kaka, ndege imekuwa majivu. Watu wote wazima. Usinigombeze tena kwa mwendo."

"Nitakugombeza Jumamosi ukija nyumbani," alisema.

Alimkabidhi Msomi kwa askari. "Siku nyingine uliza rubani."

Akashuka ngazi moja moja, ameshika ukuta. Akavaa miwani ya jua, akawasha gari, akaenda taratibu nyuma ya trekta. Hakulipita.